Agizo la vitabu: mchango mwisho Ijumaa

Habari za jioni wanakikundi,

Mwenzetu anasafiri kwenda Dar wiki ijayo na amekubali kutupitishia agizo letu kwa wachapishaji wa vitabu Mkuki na Nyota. Nimeipitia orodha yao, na kwa kweli kila mtu atapata chake. Watoto wana hadithi za picha. Wapenzi wa riwaya wana "Vuta N'kuvute" ya Shafi Adam Shafi, ambayo ningeomba tuchukue nakala mbili, maana ile moja tuliyonayo inazunguka hapa Kigoma, Mwanga mpaka Ujiji, na jalada limeshachomoka. Wazee wetu wa siasa, wapo na wale waliouliza wasifu wa Mwalimu Nyerere uliotoka 2020: ni vitabu 3, vinene kama tofali, na ni vya Kiingereza. Bei yake mfuko wetu hauwezi, labda wenye hamu wajichangie pembeni.

Sasa ya utekelezaji:

1. Mchango ni Sh 10,000 kwa kila mmoja, kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa saa 12 jioni.
2. Tunakutana Jumamosi saa 10 jioni, palepale Katubuka, kufunga orodha. Si Jumapili tena.
3. Walimu, njooni na majina ya vitabu vya watoto.
4. Mzigo unakuja kwa treni. Natafuta wawili wa kuupokea stesheni.

Naomba kila mmoja ajibu hapahapa kabla ya kesho usiku: "nipo" au "sipo", na kitabu anachopendekeza. Shangazi, chai ni yako tena, tafadhali.