Yale maembe yako

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma ukaupita. Basi nakuandikia hapa, maana wifi kanidokeza kwamba hapa huwa unachungulia.

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Paris siku nne. Siku ya mwisho, kwa kuwa ndege ilikuwa ya usiku, niliingia makumbusho ya Orsay, jengo lililokuwa stesheni ya treni zamani. Usidhani nilifuata picha, unanijua, nilikimbia baridi. Nikakutana na meza. Matufaha na machungwa, kitambaa cheupe kimekunjamana, sahani imeinama kama mtu kaibinua kwa nyuma. Ni picha ya Cézanne, mchoraji wa Kifaransa, mwaka 1899 hivi. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Yatamwagika hayo!" Bibi mmoja wa Kizungu akageuka kunitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa chini. Ni maneno yale yale niliyokuambia mbele ya baba, siku uliyotuonyesha ile picha yako ya maembe kwenye ungo.

Ulinijibu, "Dada, nimeuchora nilivyouona nikiwa nimekaa, na nilivyouona nikisimama." Nikacheka. Na baba akacheka kwa sababu nilicheka mimi.

Tangu nirudi nasoma habari za huyu Cézanne. Baba yake alianza kwa kuuza kofia mjini Aix, kusini mwa Ufaransa, akaishia na benki yake mwenyewe, akataka mwana awe mwanasheria. Mwana akaisoma hiyo sheria shingo upande, na mwaka 1861 akaenda Paris kuchora. Chuo cha sanaa kikamkataa. Na Saluni, yale maonyesho makubwa ya serikali, nayo ikawa inamrudishia picha zake mwaka hadi mwaka. Enzi hizo asiyepita Saluni alipata taabu kuuza. Mwaka 1863 waliokataliwa walilalamika mno, hata mfalme Napoleon III akaamuru watengewe ukumbi wao, watu wajionee wenyewe. Watu wakaenda kucheka. Mchoraji Manet ndiye aliyechekwa zaidi, kwa picha ya mwanamke aliye uchi, kaketi msituni na wanaume waliovaa makoti yao kamili. Cézanne naye alikuwamo kati ya wale waliokataliwa. Mwaka 1874 yeye, Monet, Degas na wachoraji wenzao wakaacha kumbembeleza mtu, wakafungua maonyesho yao katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Huko nako, kicheko.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni habari ya pesa. Baba mtu alikuwa akimtumia posho ya kila mwezi. Mwaka 1878 akafungua barua isiyo yake, akagundua kijana ana mwanamke na mtoto aliowaficha, akatishia kuikata posho. Aliyemwokoa ni rafiki yake wa shuleni, Émile Zola, aliyekuwa amekwisha kupata jina kwa uandishi: alituma faranga 60 kwa yule mama aliyekuwa Marseille. Kisha mwaka 1886 Zola huyo huyo akatoa riwaya ya mchoraji anayeshindwa kuimaliza picha yake mpaka anajinyonga mbele yake. Cézanne akamwandikia barua fupi ya kumshukuru kwa kitabu. Urafiki wa tangu utoto ukafifia hapo.

Nilipofika hapo nikazima taa. Nikaliona lile birika.

Siku ya tatu ya msiba wa baba, tumekaa mkekani, baba mdogo kaniuliza mbele ya watu, "Na huyu mwenzenu siku hizi anafanya nini?" Nikasema, "Yupo tu, nikimlipia mimi anakula." Sikujua uko nyuma yangu na birika la chai. Ungelimwaga ningeelewa. Wewe ulinimiminia, ukanikaribisha, ukaliweka birika chini taratibu, ukaondoka mpaka leo.

Sasa nisikilize. Kodi ya chumba miezi 14, nani alilipa? Nafasi ya ukarani uliyoikataa siku ya pili, nani aliitafuta kwa kupiga magoti? Nakushauri umpokee anayekusaidia hata kama haelewi unachofanya. Zola hakuzielewa picha zile, lakini faranga zilifika. Mtu aliyechoka husema ovyo, nami nilikuwa nimechoka, jeneza nimelipa mimi, sanda mimi. Na hili la sanda usimwambie shangazi.

Cézanne alifariki mwaka 1906. Mwaka uliofuata picha zake 56 zikatundikwa pamoja Paris, na vijana wakaja kuziangalia mara mbilimbili. Mmoja wao, mchoraji Braque, akaenda mpaka L'Estaque, pwani karibu na Marseille, kulekule alikokuwa akichora mzee, akarudi na picha za nyumba zilizovunjikavunjika vipande. Mhakiki akasema ni vijibweta tu, "cubes" kwa Kifaransa, na jina la kyubizimu, ule mtindo wa kuchora vitu vipande vipande, likazaliwa humo. Meza ile iliyoinama Picasso na Braque waliichukua, wakaikatakata. Nami niliiona yako, nikakuambia ununue rula.

Ungo wako uliuacha nyuma ya kabati la baba. Nimeutoa. Panya wamekula kona ya chini, pale uliposaini. Nimeutundika sebuleni. Ijumaa mama mkubwa alipita, akautazama, akasema yatamwagika. Nikamwambia asimame, kisha aketi, kisha asimame tena. Akaniuliza kama nimemeza dawa zangu.