Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maradhi Sugu na Usingizi Wetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Mahesabu yatasomwa na Mweka Hazina, na majina ya wanachama wapya yamebandikwa ubaoni, kwa hiyo hayo nitayapita. Nafasi yangu nitaitumia kwa suala lililojitokeza karibu katika kila kikao cha mwaka huu, nalo ni usingizi. Chama chetu ni cha wagonjwa wa kisukari, presha, pumu na moyo, lakini wengi wetu tukiulizwa hali huanza kueleza usiku ulivyokuwa kabla ya kutaja vipimo.

Shida hii si yetu peke yetu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliohusisha watu zaidi ya 40,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea katika nchi nane za Afrika na Asia, ikiwemo Tanzania kupitia Ifakara na Kenya kupitia Nairobi. Karibu watu 17 katika kila 100 walieleza kuwa na shida kubwa ya usingizi, wanawake wakiwazidi wanaume, na kilichoambatana nayo zaidi kilikuwa sonona na wasiwasi. Mwaka huohuo, uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza hapa Tanzania ulikuta kwamba takriban robo ya watu wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya juu, na 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wale wanaodai kwamba kukosa usingizi ni maradhi ya matajiri wa mijini, na kwamba aliyeshinda na jembe hulala tu, naona hawajawahi kukaa kwenye benchi la kliniki yetu.

Katika mwaka huu tuliwaalika wataalamu wa afya mara kadhaa, na faida kubwa tuliyoipata ni kujua kwamba kila ugonjwa una njia yake ya kumwamsha mtu. Kwa mwenye kisukari, sukari ya damu ikipita takriban 10 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, figo huanza kuitoa kwenye mkojo, na maji huifuata. Ndiyo maana mtu huamka kila mara kwenda chooni, hunywa maji kwa kiu, kisha huamka tena. Kuna pia miguu inayowaka moto usiku kwa sababu mishipa ya fahamu imeathirika. Kinyume chake, anayetumia insulini au glibenklamidi, ambazo ni dawa za kushusha sukari, anaweza kushtuka akiwa amelowa jasho baada ya ndoto mbaya kwa sababu sukari imeshuka, na huyo hapaswi kugeuka upande na kulala tena, bali apime na ale kitu chenye sukari mara moja.

Wenye presha na moyo wana yao. Dawa ya kukojoza ikimezwa jioni hufanya kazi yake usiku kucha, ilhali kwa kawaida humezwa asubuhi. Maji yaliyovimbisha miguu mchana hurudi kwenye damu mtu anapojilaza na kuishia kibofuni. Kaptopri na enalapri, ambazo ni dawa za presha na moyo, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma, na anayelazimika kurundika mito ili apate pumzi anapaswa kumwona daktari bila kungoja tarehe ya kliniki. Kwa wenzetu wa pumu, kubanwa kifua mnamo saa kumi alfajiri ni ishara kwamba ugonjwa haujadhibitiwa, hata kama mchana wanatembea vizuri. Ninasisitiza kwamba hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kubadili dawa au saa ya kuimeza kwa kusikia taarifa hii. Tulichojifunza ni cha kumuuliza daktari.

Jambo hili pia hufanya kazi kwa upande wa pili. Kwa kawaida presha hushuka kati ya asilimia 10 na 20 mtu akiwa amelala, na anayekesha huikosa nafuu hiyo; usingizi mfupi vilevile huidhoofisha kazi ya insulini. Hivyo ugonjwa huharibu usingizi, na usingizi mbovu huuchochea ugonjwa. Mwaka 2022, Chama cha Moyo cha Marekani kiliuingiza usingizi katika orodha ya mambo manane ya kulinda moyo, sambamba na chakula, mazoezi na tumbaku.

Kuhusu dawa za usingizi, lazima niseme waziwazi. Wapo wanachama wanaonunua diazepamu dukani bila cheti, wakati mwingine vidonge vichache vilivyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Dawa hiyo hujenga utegemezi, huwaangusha wazee wanapoamka gizani, na ni ya hatari kwa mtu ambaye pumzi yake hukatika usingizini. Kukatika huko ndiko kunakopaswa kutushughulisha tunapomsikia mtu anayekoroma sana, kisha ananyamaza, kisha anavuta pumzi kwa kishindo. Mashine za kuchunguza hali hiyo ni adimu na ghali, lakini maswali ya kuitambua hayana gharama: kukoroma, uchovu wa mchana, presha, unene, umri uliozidi miaka 50, jinsia ya kiume na shingo inayozidi sentimita 40, ambayo hupimwa kwa futikamba ya fundi cherehani.

Kamati inaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza ni kwamba daftari la kila mwanachama liongezwe safu ya usingizi, ijazwe nyumbani na ionyeshwe kliniki pamoja na vipimo vya sukari na presha. La pili ni kumwandikia mganga mfawidhi barua ya kuomba swali la usingizi na lile la sonona yaulizwe katika kila hudhurio, kwani mgonjwa asiyeulizwa huona aibu kusema. La tatu ni kutenga sehemu ya ada ya mwaka ujao kwa ajili ya vijiti vya kupimia sukari kwa wanachama wanaotumia insulini na wasio na bima, ili wapate kupima usiku. Mweka Hazina atatoa makadirio, kisha tutapiga kura.

Mwenyekiti