Mkataba wa TAZARA na swali la nani atajibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya Reli ya Uhuru tumelijadili sana tangu Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilipotiliana saini na kampuni ya China Civil Engineering Construction Corporation mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, yaani reli hii hii inayounganisha Tanzania na Zambia, kwa uwekezaji uliotajwa kuwa wa dola za Marekani bilioni 1.4. Habari hiyo ni njema na sina nia ya kuibeza, kwa kuwa anayeijua hali ya reli hii hawezi kutamani ibaki ilivyo. Swali langu ni moja tu. Katika miaka hiyo 30, treni ya abiria isipofika Mlimba kwa majuma mawili, au kiwanda kilichoko Mbeya kikikosa mabehewa ya kupakia mzigo wake, ni nani serikalini atakayesimama mbele ya wananchi na kueleza kwa nini?

Nauliza hivyo kwa sababu reli hii haikujengwa kama biashara ya kawaida. Wakopeshaji wa nchi za Magharibi walipoombwa fedha katika miaka ya 1960 walijibu kwamba hailipi, na ndipo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakageukia China, ambayo katika makubaliano ya Septemba 1967 ilikubali kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa kwa serikali mbili, huku makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia kazini yakibaki Gongo la Mboto hadi leo. Lengo lilikuwa kuiondoa Zambia katika utegemezi wa njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa makaburu na walowezi, lakini lilikuwa pia kuyafungua maeneo ya Kilombero, Mufindi, Mbarali na Mbeya, ambayo hadi wakati huo mazao yake yalikuwa yakiozea shambani kwa kukosa njia ya kufika sokoni. Shabaha hii ya pili ndiyo inayosahaulika haraka kila hesabu za reli zinapojadiliwa ofisini.

Tusidanganyane kuhusu anguko lake. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilifikia mahali ambapo, katika mwaka wa fedha 2014/2015, ilibeba chini ya tani 100,000. Hapakuwa na mwekezaji wa kulaumiwa wakati huo. Njia za kusini zilifunguka baada ya uhuru wa Zimbabwe na kuondoka kwa ubaguzi Afrika Kusini, malori yakaongezeka barabarani, na wenye reli, yaani serikali zetu mbili, hawakuweka mtaji wa kutosha kununua vichwa vya treni na vipuri, hadi mishahara ya wafanyakazi ikawa inacheleweshwa na migomo ikafuatana. Hisa ni nusu kwa nusu, na katika umiliki wa namna hiyo kila mwenye nusu humtazama mwenzake kwanza. Dar es Salaam ikibanwa hueleza kwamba jambo hilo linasubiri uamuzi wa pamoja, na Lusaka nayo ikibanwa hueleza hivyo hivyo, na abiria aliyekaa juu ya furushi lake kwenye stesheni ya Uchindile hana wa kumuuliza isipokuwa mkuu wa stesheni, ambaye naye hajui.

Sasa anaingia mtu wa tatu. Hofu yangu ni kwamba mlolongo wa kutupiana majibu utarefuka badala ya kufupika, kwa kuwa serikali itaweza kusema kwamba uendeshaji uko mikononi mwa kampuni, na kampuni itaweza kusema kwamba inafuata mkataba, na mkataba wenyewe mwananchi hajui umesema nini juu yake. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2007 Serikali iliikabidhi Reli ya Kati kwa kampuni ya RITES ya India, yenye asilimia 51 ya hisa katika kampuni mpya ya reli, kwa mkataba wa miaka 25. Haukumaliza hata miaka 5. Treni zilipungua, wafanyakazi waligoma, na mwishowe Serikali ikalazimika kuzirudisha hisa mikononi mwake. Nani aliyewajibika kwa kuandaa mkataba ule na kuusimamia? Naliuliza hili nikijua kwamba watu wakisikia neno kuwajibika humkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi, alivyojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970 kwa makosa yaliyotendwa na watu waliokuwa chini yake. Heshima ile anastahili, lakini mimi siombi waziri yeyote ajiuzulu. Naomba kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi, nacho ni maelezo ya kila mwaka, kwa takwimu, juu ya huduma iliyoahidiwa na huduma iliyotolewa.

Nianze na abiria. Msomaji wa mjini anaweza kudhani kwamba treni ya abiria ya TAZARA ni ya watalii wanaopenda kutazama twiga na tembo dirishani wakati wa kupita katika hifadhi. Hao wapo na wanakaribishwa. Lakini ukishapita Ifakara kuelekea Mlimba na kupanda milima hadi Makambako, kuna vijiji ambavyo treni ndiyo barabara yao, ndiyo gari lao la wagonjwa na ndiyo soko lao. Akina mama huuza ndizi na mchele dirishani katika dakika chache ambazo treni imesimama, na fedha hiyo ndiyo ada ya shule. Wakati wa masika, barabara za bonde la Kilombero zinapogeuka tope, mtu wa huku hana mahali pa kuhamia treni isipokuja. Kwa hesabu za kibiashara, treni ya daraja la tatu inayosimama kila stesheni ni hasara, na mwendeshaji yeyote mwenye akili timamu, awe Mchina, Mhindi au Mtanzania, atatafuta namna ya kuipunguza asipofungwa na kifungu cha mkataba na asipofidiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo Serikali itamke wazi: ni treni ngapi za kawaida kwa wiki zitakazosimama katika stesheni ndogo, nauli yake itapangwa na nani, na fidia ya hasara hiyo itatoka katika fungu gani la bajeti.

Wala haliko nje ya uwezo wetu. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro na kisha Dodoma katikati ya mwaka 2024, wananchi wameona kwamba ratiba inaweza kutangazwa na ikafuatwa, na kwamba ikifuatwa watu hujaa.

Suala la viwanda vya ukanda huu ni pana zaidi na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi. Reli ilipojengwa haikuja peke yake. Kongolo, mkoani Mbeya, kulianzishwa machimbo ya kokoto na kazi ya kutengeneza mataruma ya zege kwa ajili ya reli yenyewe. Mang'ula kukawa na karakana kubwa ya mitambo, ambayo baada ya ujenzi iligeuzwa kuwa kiwanda cha mashine na vipuri, kisha ikabinafsishwa na kuzimika kama vilivyozimika viwanda vingi vya wakati ule. Mgololo, wilayani Mufindi, kikajengwa kiwanda cha karatasi jirani na reli, katikati ya misitu ya misonobari. Kuna sukari ya Kilombero, saruji ya Songwe, mbao na chai za Mufindi na mpunga wa Mbarali. Karibu kila mzigo mzito unaozalishwa katika ukanda huu unazalishwa katika eneo ambalo reli inapita au linaloifikia kwa urahisi, na bado sehemu kubwa ya mzigo huo husafiri kwa malori yanayopanda Kitonga yakitoa moshi mweusi, kwa sababu mwenye kiwanda hawezi kupanga uzalishaji wake kwa kutegemea behewa ambalo hajui litakuja lini.

Hapa ndipo penye mtego. Mwendeshaji mpya atavutwa na shaba ya Zambia na Kongo inayokwenda bandarini, kwa kuwa huo ni mzigo wa masafa marefu, unaolipiwa kwa dola, unaopakiwa sehemu moja na kushushwa sehemu moja. Ushindani wa njia ya Lobito, yaani reli inayopeleka shaba hiyo hiyo hadi bandari ya Lobito kule Angola, utamsukuma zaidi kuelekea huko. Tani mia chache za saruji kutoka Songwe hadi Makambako, au magogo kutoka Mgololo, zitaonekana ni usumbufu. Mimi si mtaalamu wa biashara ya reli, lakini sihitaji utaalamu kuona kwamba reli inaweza kupata faida nzuri kwa miaka 30 huku ikipita kwa kasi mbele ya viwanda vyetu bila kusimama. Wakubwa watakata utepe, tani za jumla zitapanda, na mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe itabaki kusikiliza honi.

Na ukarabati wenyewe? Utahitaji kokoto na mataruma kwa wingi. Je, vitatoka Kongolo au vitaletwa na meli? Vichwa vipya vitatengenezewa wapi, na mafundi wa karakana ya Dar es Salaam watafundishwa kuvifungua, au watabaki kuvipiga maji na kuvifuta vumbi? Haya ni maswali ambayo kifungu kimoja cha mkataba kinaweza kuyajibu, na kama yamekwisha jibiwa basi tuambiwe, tufurahi.

Nyenzo za kuiwajibisha Serikali tunazo. Ibara ya 8 ya Katiba inasema kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi, na Ibara ya 18 inampa kila raia haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha na shughuli zake. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inamruhusu kufanya ukaguzi wa ufanisi, yaani kuangalia kama kilichokusudiwa kimefanyika na si kukagua stakabadhi tu. Tunayo LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na chini ya mwavuli wake baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri wa ardhini, ambalo sijawahi kuliona likifanya mkutano katika stesheni yetu, ingawa pengine lilifika siku niliyokuwa shambani.

Napendekeza, basi, kwamba Wizara ya Uchukuzi ichapishe kwa Kiswahili vifungu vya mkataba vinavyohusu huduma ya abiria, mzigo wa ndani, ununuzi wa vifaa kutoka viwanda vya ukanda huu na adhabu kwa mwendeshaji asiyetimiza. Siri za kibiashara zikiwapo zifichwe, lakini idadi ya treni zinazosimama Mlimba haiwezi kuwa siri ya kibiashara. Pili, kila mwaka, kabla ya bajeti ya wizara hiyo kujadiliwa, kiwekwe mezani kwa wabunge ukurasa mmoja tu: treni zilizopangwa na zilizofika, abiria wa stesheni ndogo, tani za viwanda vya ndani zikitenganishwa na tani za kupita. Zikichanganywa, shaba itatuficha. Tatu, atajwe ofisa mmoja, kwa cheo, ambaye kwa upande wa Tanzania ndiye mwenye dhamana ya kusimamia mkataba huu, ili tusiambiwe tena kwamba jambo linasubiri upande wa pili.

Wabunge wa majimbo ambayo reli inapita, kuanzia Kilombero hadi Tunduma, hawahitaji kusubiri ukarabati ukamilike ndipo waulize. Mkutano wa Bunge la Bajeti huanza Aprili. Swali la msingi linaweza kupelekwa kwa maandishi hata kesho, na waziri atalazimika kulijibu kwa maneno yatakayobaki katika kumbukumbu rasmi za Bunge, ambazo mwanangu ataweza kuzifungua mwaka 2055 mkataba ukifika ukingoni.

Wako,
Msomaji wa Mlimba, Morogoro