Kwa wajukuu wa dada yangu: msimkumbuke nusu

Wajukuu zangu,

Nimesoma mliyoyaandika kwa ajili ya kumbukumbu ya bibi yenu. Niliyasoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nivue miwani. Mmeandika kwa upendo, sina shaka nalo. Lakini mimi ni mdogo wake, nilibebwa mgongoni mwake kabla sijajua kutembea, na mwanamke niliyemkuta humo namtambua nusu tu. Mmemwandika kama mtu asiyewahi kukasirika wala kushindwa kusali, kana kwamba imani ilimshukia kama umande. Haikuwa hivyo, na si heshima kumfuta jasho lake.

Kuna jambo ambalo wengi wenu hamkulikuta. Alipofiwa na mtoto wake wa pili, dada yangu alikaa miezi mingi bila kufungua kinywa kanisani. Alikwenda kila Jumapili, akakaa benchi lile lile, watu wakiimba yeye kimya. Nilipomuuliza kama bado anasali, alinijibu kwamba nyumbani anasoma Zaburi ya 88, hiyo hiyo kila usiku. Ifungueni mwione. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio zikaishia kwenye sifa. Hii inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Akaniambia kuwa kama maneno yale yaliruhusiwa kukaa ndani ya Biblia, basi na yeye aliruhusiwa kukaa ndani ya kanisa. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina.

Zile sala mlizokuwa mkizisikia alfajiri, mmejifunika blanketi gubigubi, zilitoka huko. Ninyi mlikuta sauti imekwisha kurudi.

Mmoja wenu ameandika kwamba bibi hakuwahi kugombana na mtu. Mjukuu wangu, aligombana. Miaka saba hakusemezana na wifi yake, na kosa lilikuwa la dada yangu, nalisema nikimpenda. Siku moja alijifunga kanga akaenda kupiga hodi mwenyewe, mvua inanyesha. Walichozungumza hakuna aliyekisikia, ila alirudi macho mekundu na usiku ule akalala mapema. Alipowaambia ninyi "nendeni mkaombane radhi", alikuwa anajua njia ile ina urefu gani. Mkilificha kosa, na msamaha hamtakuwa na pa kuuweka.

Paulo, katika barua yake ya pili kwa Timotheo, anamtaja bibi yake kijana huyo, Loisi, mara moja tu. Anasema imani ya Timotheo, iliyokaa kwanza kwa bibi huyo na kwa mama yake Eunike, ni imani isiyo na unafiki. Angeweza kumsifu Loisi kwa mengi. Nadhani hilo lilitosha, na ningependa litutoshe na sisi.

Halafu hili la jiwe la kaburi. Nasikia mmeanza kuvutana nani alinunue na liandikwe nini. Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alitamani sana azikwe kwao Afrika ya Kaskazini, kando ya mumewe. Mauti yakamkuta Ostia, Italia, mwaka 387, akawaambia wanawe wamzike popote, mradi tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Basi liacheni jiwe mpaka hasira zipoe.

Muda huo utumieni kwa wazee waliobaki. Sisi tuliomjua akiwa msichana tumebaki watatu, na mmoja wetu kumbukumbu imeanza kumtoka, kwa hiyo mwanzeni yeye, wiki hii. Wekeni simu irekodi. Msiulize alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana mtapewa sifa za matangani. Ulizeni alimkosea nani. Ulizeni ni wimbo gani alikuwa hawezi kuumaliza. Mtu akinyamaza, msimkimbize. Mkaribisheni tena kesho yake.

Biblia yake iko kwangu. Jalada limeachia na kurasa za Zaburi zimelegea, na nimesikia kuna anayetaka kuipeleka ikajalidiwe upya na kusafishwa. Sitaitoa kwa kazi hiyo. Pembeni mwa mistari aliandika kwa penseli herufi za kwanza za majina yenu, kila mmoja ana mahali pake, na wengine mna zaidi ya mahali pamoja. Njooni mmoja mmoja nimwonyeshe kila mtu pake. Nipo nyumbani kila siku baada ya adhuhuri.

Ni mimi, babu yenu.