Daktari wetu wa Kojani asiondoke kimya kimya

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam aleykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nimshukuru mtu angali hai na angali kazini. Hii tabia yetu ya kungoja khitma ndipo tuanze kutaja mema ya mtu, mimi hainipendezi.

Daktari wetu hapa kisiwani Kojani, Pemba, anastaafu mwezi wa Disemba. Jina silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi, na Mkojani gani asiyemjua? Alikuja kijana kutoka Unguja, simu za mkononi hazijafika kwetu, na watu wakadhani atakaa mwaka mmoja aombe uhamisho kama wenziwe. Akaoa hapa hapa. Watoto wake wamesoma skuli moja na wetu, na wale aliowapokea wakizaliwa, leo wanampelekea watoto wao kuchanjwa.

Kisiwa chetu ni kidogo, nyumba zimebanana, na wanaume aghlabu wako dago, yaani kambi za uvuvi za mbali: Tanga, Mafia, hata Lamu, na kurudi ni baada ya miezi. Sasa mwambie mvuvi kama huyo ana kifua kikuu na anatakiwa ameze dawa miezi sita bila kukosa. Kwengine angeshaandikwa mtoro. Daktari wetu humzuia asisafiri zile wiki za mwanzo, kisha humwita yeye na nahodha wake, akawakalisha pamoja, akamweleza nahodha dawa zinamezwa vipi, na akaandika karatasi ya kuonesha kituo cha huko waendako. Mume wangu alitibiwa hivyo, akapona, alhamdulillahi.

Ana na daftari moja la jalada la kijani, limekwisha pembe. Ndani yake ameandika makundi ya damu ya watu wazima wa mitaa yetu, nyumba kwa nyumba. Mdogo wangu alipojifungua usiku na damu ikakataa kusita, daktari alifungua daftari lile, akatuma kijana akagonge milango miwili. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imelala juu ya tope. Vijana wakambeba mgonjwa kwa kitanda cha kamba, na daktari pembeni, tope hadi magotini, kainua chupa ya dripu juu ya kichwa chake njia nzima, mkono huu ukichoka anabadilisha. Wale wachangiaji wawili walivuka pamoja na mgonjwa. Walipofika hospitali ya Wete damu ilikuwa imeshakuja na miguu yake. Mtoto yule sasa yuko darasa la tano.

Malaria nayo nisiiache. Dawa mseto ilianza kutumika Zanzibar mwaka 2003, baadaye vyandarua na kupulizia dawa majumbani, na wenye maradhi wakashuka hadi chini ya asilimia moja ya watu. Lakini wazee wetu walikataa nyumba zao zisipulizwe. Aliyekwenda kukaa nao barazani baada ya Alasiri, siku baada ya siku, mpaka wakafungua milango, ni yeye.

Tunashukuru matibabu yalitangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa mtu wa kisiwani, lakini, bure hiyo huanza pale daktari anapolala upande huu wa maji. Atakayekuja akawa anavuka asubuhi na kurudi saa tisa, mwenye uchungu wa usiku atamkimbilia nani?

Kwa hivyo naiomba Wizara ya Afya mambo mawili. Nyumba ya mfanyakazi iliyo nyuma ya kituo inavuja, ifanyiwe matengenezo kabla ya Disemba, ili daktari mpya akija na familia yake apate pa kukaa. Na huyo mpya aletwe mapema, wafanye kazi pamoja japo miezi mitatu, apelekwe nyumba kwa nyumba, ajue nani ana presha na nani anaificha, na akabidhiwe lile daftari.

Nanyi Wakojani wenzangu mlioko Unguja, Mombasa na dago, wengi wenu mmepita mikononi mwake. Mkija nyumbani, mpitieni. Hadi Disemba yupo kituoni kila asubuhi, na jioni mtamkuta barazani kwake.

Wako msomaji,
Mama wa watoto wanne,
Kojani, Pemba