Jazz yetu haikuwa ya kujificha

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka peke yangu hadi shangazi yako akaniuliza kulikoni. Kumbe huko London watu hushuka ngazi mpaka chumba cha chini ya ardhi kufuata jazz, na mpiga saksafoni ni wewe! Kisha unauliza: jazz ya kwenu, mama, ilikuwa jazz kweli?

Kwa masikio yako, hapana. Kwetu jazz lilikuwa jina la bendi yenye magitaa na matarumbeta. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, baadaye zikaja Kilwa Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, Vijana Jazz. Walichopiga ni dansi, rumba iliyotiwa ngoma za nyumbani, na kila bendi na mtindo wake. Wala hapakuwa na cha kujificha. NUTA ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Wanamuziki walilipwa mshahara kama makarani.

Aliyejificha ni mimi. Bibi yako alijua Jumapili jioni niko kwaya. Kanga juu, gauni la dansi chini, viatu vya kisigino kirefu ndani ya kikapu. Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, magari binafsi marufuku Jumapili kuanzia saa nane mchana, basi mimi na shoga yangu tukatembea kutoka Magomeni, tukakatiza Jangwani hadi ukumbi wa DDC Kariakoo, vumbi mpaka magotini.

Sikinde hawakuwa na haraka. Kwanza wanakusimulia: Muhiddin Gurumo anaimba, watu wanacheza taratibu, masikio yote kwenye maneno, maana mle ndani mna mume mlevi, mna wifi mchonganishi, na kila mtu anamjua anayesemwa. Halafu linakuja chemko. Magitaa yanajibizana, tumba zinakoleza, King Michael Enoch anaingia na saksafoni, yeye ambaye enzi za Dar es Salaam Jazz alitamba kwa gitaa la solo. Hapo hata mzee aliyekuja na mkongojo anauegemeza ukutani. (Baba yako atakwambia Msondo, yaani wale wale wa NUTA, walikuwa zaidi. Mwache.)

Santuri ya kukutumia sina. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuzifyatua, nyimbo nyingi zilirekodiwa Redio Tanzania zikabaki kwenye kanda zao.

Usiku mmoja nikarudi kisigino kimekatika, nachechemea. Bibi yako yuko barazani na koroboi. Akanitazama miguu kwa muda mrefu.

"Leo mmeimba kwa miguu?"

Nikakosa jibu. Akajisogeza nipite. Jumapili iliyofuata, wakati nafunga kanga, akaniuliza kama huko kwayani wanapokea na wazee.

Mama yako