Mdogo wangu, kabla hujafungua hiyo blogu

Mdogo wangu,

Shangazi kanipigia juzi, kasema unataka kuanzisha blogu yako na hujui uanzie wapi. Nimefurahi, halafu nikaumia, maana haya ndiyo mambo uliyokuwa ukiniuliza mimi. Simu zangu hupokei tangu arobaini ya Baba, WhatsApp umenizuia. Basi nakuandikia hapa, najua huwa unapita.

Anza leo, tena anza padogo. Blogger ni bure na ipo tangu 1999, WordPress tangu 2003, na zote unaweza kufungua kwa simu hiyo hiyo usiyonipokelea. Usimalize siku saba unachagua rangi na picha ya juu. Andika jambo moja unalolijua wewe, weka tarehe, chapisha. Unakumbuka Baba alivyokuwa akilipia nusu saa pale kafe ya intaneti aione blogu ya Michuzi, enzi zile za 2005 ndiyo inaanza? Alifuata picha na yale maneno mawili matatu chini yake, na wewe umempanda mapajani unabonyeza usichoambiwa.

Na kila mwezi pakua nakala ya maandishi yako, uiweke mahali pako. GeoCities ilijaa kurasa za watu, na 2009 ikafungwa. Hili nakusisitizia kwa sababu nakujua. Picha za harusi yangu ziko wapi? Nilikupa flashi mkononi.

Shangazi anasema na wiki unaitaka. Hapo twende polepole. Blogu ni kama barua: ina tarehe yake, siku ile uliona hivyo, yameisha. Wiki ni daftari la nyumba. Anayeruhusiwa anaingia, anahariri, ukurasa wa Bibi unaunganishwa na wa Pangani, wa Pangani na wa jahazi la Babu, na haumaliziki. Ndiyo maana Mama alikuwa akituuliza, "Wiki gani hiyo isiyofika Jumapili?" Ward Cunningham, aliyetengeneza ya kwanza mwaka 1995, jina alilitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa Kihawaii maana yake haraka.

Na mimi usiku ule nilifanya haraka. Nalisema mbele ya watu.

Wiki yetu tuliijenga kwa programu ya DokuWiki kwa kuwa haitaki hifadhidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi matupu, hata likihama seva linasomeka. Matoleo ya zamani inayatunza kwenye folda inayoitwa attic, yaani dari. Wewe ndiye uliyeligundua. Ukasema ni kama dari letu, kila alichokitupa Baba kiko juu kule. Kwa hiyo ulijua pa kwenda kutafuta.

Hitma imekwisha, wazee bado wako barazani, sahani za pilau hazijaondolewa. Mama yuko eda, amekaa nyuma ya pazia la mlango, mimi ubavuni kwake. Ukatoa simu. Ukaisoma kwa sauti ile aya ya shamba la Muheza, kwamba Baba aliliuza bila kumwambia mkewe. Kisha ukasoma na mstari wa juu: tarehe, saa tano na dakika arobaini usiku, jina langu, aya imefutwa. Barazani kimya. Mama akavuta upindo wa kanga akafunika mdomo, na vidole vyake bado vina wali. Hakuendelea kula. Wewe hukumwona. Pazia lilikuwa limeshuka, nakubali, lakini ulijua yuko pale.

Nilifuta, ndiyo. Nilifuta kwa sababu wewe kesho yake ulikuwa unapanda basi kurudi Dar, mimi ndiye nabaki naye, mimi ndiye nampelekea maji ya kuoga. Ungepiga simu moja tu, "Dada, mbona?" Ningekujibu. Nami ningeweza kuiacha aya yako, nikaandika chini yake kwamba sikubaliani, nikatia jina. Ndivyo nilivyokufundisha mwenyewe: usifute neno la mwenzako. Kwa hiyo hiyo wiki yako mpya, kabla ya ukurasa wa kwanza, kubalianeni nani anaruhusiwa kuhariri na nani kufuta, na yanayowahusu walio hai yakae nyuma ya nenosiri. Sisi hatukukubaliana chochote. Tulidhani udugu unatosha.

Wiki iliyopita Mama kaniambia nimsomee ile aya. Nikajidai sikusikia. Akarudia. Nikaenda kwenye matoleo ya zamani, nikaisoma yote kama ulivyoiandika, hata pale ulipokosea herufi. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Nikadhani yamepita. Baadaye kabisa, ungo umeshawekwa pembeni, akasema, "Ameandika kabla ya masika. Haikuwa kabla, ilikuwa baada. Machungwa yalikuwa mitini. Aliliuza na machungwa yake."

Aya nimeirudisha mahali pake. Hapo penye masika sijagusa, ni maneno yako, utarekebisha wewe. Nenosiri ni lile lile.

Dada yako